Nimeambiwa Tezi Yangu Imelegea: Je, Nitameza Vidonge Maisha Yangu Yote?

SWALI

Daktari, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Tanga, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwa muda unaokaribia miaka miwili nimekuwa mtu wa kuchoka. Huamka asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, nywele zinakatika kila ninapochana, ngozi imekauka hata mafuta hayasaidii, choo hufunga hadi siku nne, na hedhi imekuwa nzito kiasi cha kunipunguzia damu, nikaandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Lililonishangaza zaidi ni baridi: katika mji huu wa joto, mimi ndiye ninayeomba feni izimwe. Uzito umeongezeka kilo saba ilhali chakula nimepunguza. Kwa wakwe zangu limeshazoeleka neno kwamba nimekuwa mvivu, na mimi mwenyewe nilikaribia kuliamini.

Mwezi uliopita nilipimwa damu, nikaambiwa kwamba kipimo cha TSH kimesoma 42 na kwamba tezi yangu ya shingoni imelegea. Daktari aliniandikia vidonge vya levothairoksini vya mikrogramu 100, akasema nitavimeza maisha yangu yote, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata. Nilitoka na karatasi mkononi na maswali ambayo sikuwa na wa kumwuliza.

Nimemeza vidonge hivyo kwa wiki tatu, kila asubuhi, kwa chai ya maziwa na pamoja na kile cha kuongeza damu ili nisisahau, lakini sioni tofauti. Wifi yangu aliyeko Unguja amenitumia unga wa mwani, anasema una madini joto yanayoponya tezi na kwamba nikiutumia nitaachana na vidonge. Mama mkwe naye amenikataza kabichi na muhogo. Ramadhani inakaribia na sijui nitamezaje dawa nikiwa nimefunga. Zaidi ya yote, mimi na mume wangu tulikuwa tunamtamani mtoto wa tatu. Je, tukate tamaa? Na nilikosea wapi hata tezi yangu ikaharibika?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Wa aleikum salaam, mwalimu.

Naanza na neno hilo la uvivu, kwa sababu naona limekuumiza kuliko nywele na uzito. Yote uliyoyaeleza, kuanzia uchovu wa asubuhi na baridi hadi choo kufunga, ngozi kukauka na hedhi kuwa nzito, yana chanzo kimoja, na chanzo hicho kimepimwa na kuandikwa kwenye karatasi uliyonayo. Mumeo na mama mkwe waisome karatasi hiyo, au wasomee wewe. Mtu mwenye TSH ya 42 anayeamka kila siku na kwenda kusimama mbele ya darasa hawezi kuitwa mvivu, na ningependa kauli hiyo ifike nyumbani kwenu kama kauli ya daktari.

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo na hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume chakula vipi, joto litengenezwe kiasi gani. Homoni hiyo ikipungua, kila kiungo hupunguza mwendo, ndiyo maana dalili zako zimetapakaa mwili mzima na ndiyo maana wengi huzungushwa kwa miaka wakitibiwa dalili mojamoja. Namba 42 inawatisha watu bila sababu kwa kuwa hudhani ndiyo homoni ya tezi yenyewe. Sivyo. TSH hutoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama mtu anayebisha hodi. Nyumba ikiitika, hodi moja inatosha, na kipimo huwa kati ya 0.4 na 4 katika maabara nyingi. Nyumba isipoitika, mbisha hodi huongeza sauti. Ukisoma 42, fahamu kwamba hodi imepigwa kwa muda mrefu na ndani hakuna nguvu ya kujibu.

Hukukosea popote. Kwa mwanamke wa umri wako, ambaye hajafanyiwa upasuaji wa shingo na anakula chumvi yenye madini joto, sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kinga ya mwili kuigeukia tezi na kuishambulia polepole kana kwamba ni kitu kigeni. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeieleza mwaka 1912. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume na hupita katika ukoo, kwa hiyo dada yako au binti yako akianza kulalamika uchovu wa namna hii, apimwe mapema. Hauambukizi, hautokani na jicho la mtu, wala hautokani na dhambi.

Sasa nije kwenye wiki tatu zako, kwa sababu hapa ndipo palipo na tatizo tunaloweza kulirekebisha kesho asubuhi. Levothairoksini ni dawa inayotaka tumbo tupu. Maziwa yana kalisiamu, na kidonge cha kuongeza damu kina madini ya chuma. Vyote viwili huishika dawa tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kwa maneno mengine, ulikuwa unameza mikrogramu 100 lakini sehemu kubwa yake huenda ilikuwa inapita na kutoka. Anza hivi: ukiamka, meza kidonge cha tezi kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, kahawa au chakula chochote. Kidonge cha kuongeza damu usikiache, kwa maana damu yako unaihitaji, ila kihamishie mchana au jioni, kipishane na cha tezi kwa saa nne au zaidi. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalisiamu navyo ni hivyohivyo.

Ninakuomba pia umweleze daktari wako jinsi ulivyokuwa ukimeza, hata kama unaona aibu. Asipojua, atakapokupima na kukuta TSH bado iko juu, atadhani dozi ni ndogo na ataiongeza. Nawe siku utakaporekebisha utaratibu, dozi hiyo kubwa itaingia yote mwilini na kukuletea moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kukosekana. Nimewaona wagonjwa waliopandishiwa dozi mara tatu kumbe kosa lilikuwa kikombe cha chai.

Hata ungemeza sawasawa, wiki tatu zisingetosha. Dawa hii hutoka mwilini polepole sana, kiasi kwamba inachukua takriban wiki moja kupungua kwa nusu, na kwa sababu hiyohiyo hujijenga polepole hadi kufikia kiwango chake kamili baada ya wiki tano au sita. Ndiyo maana kipimo cha marudio hufanywa baada ya wiki sita hadi nane, si kabla. Hesabu wiki zako upya kuanzia siku utakapoanza kumeza kwa maji. Kwa kawaida choo na uchovu hutangulia kupata nafuu, ngozi hufuata, nywele huwa za mwisho na huweza kuchukua miezi kadhaa. Katika kilo saba ulizoongeza, chache ni maji na chumvi vilivyotuama mwilini, nazo zitaondoka zenyewe. Zilizobaki zitahitaji chakula cha kiasi na kutembea kama kwa mtu mwingine yeyote, na usishawishike kuongeza vidonge ili upungue, maana dozi iliyozidi huudhoofisha mfupa na kuuvuruga mdundo wa moyo.

Kuhusu kumeza maisha yote, naelewa jinsi maneno hayo yanavyomwangukia mtu anapoambiwa akiwa amesimama mlangoni. Sisi waganga tunapaswa kuyasema tukiwa tumeketi, na nakiri kwamba foleni imetufanya tusahau. Hebu nikueleze yalikotoka. Hadi kufikia mwaka 1891, mgonjwa wa hali hii hakuwa na tiba. Alivimba, akapooza akili, akafa polepole. Mwaka huo, mjini Newcastle nchini Uingereza, daktari kijana aitwaye George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya kondoo. Mwanamke huyo akainuka, akaendelea na dawa ya tezi ya kondoo kwa miaka 28, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Kidonge chako ni homoni ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza, isipokuwa sasa inatengenezwa kiwandani na kupimwa kwa mikrogramu. Mwili hauizoei ikawa ulevi, wala haichoshi figo. Unarudisha kilichopungua, na kwa kuwa tezi iliyokwisha kuharibiwa na kinga kwa kawaida hairudi, urudishaji huo unaendelea. Dozi ikishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka hutosha kwa watu wengi.

Ukisahau siku moja, meza ukumbukapo; siku moja haikuangushi. Kinachoangusha ni kuacha kwa sababu umepata nafuu. Vidonge usiviweke jikoni wala ndani ya gari, kwani joto, unyevu na mwanga huvipunguzia nguvu, na joto la Tanga unalijua. Viache ndani ya pakiti yake, chumbani, mahali pakavu penye kivuli. Duka la dawa likikupa vya kampuni nyingine tofauti na uliyoizoea, visikutishe, lakini mwambie daktari ili upimwe tena baada ya wiki sita hadi nane.

Wifi yako amekutumia mwani kwa mapenzi, na mwani wa Unguja ni chakula na ni kazi inayowalisha akina mama wengi wa Paje na Jambiani. Sina ugomvi nao. Ila kwa ugonjwa wako si tiba. Madini joto ni malighafi ya kutengenezea homoni, na kumpelekea malighafi fundi ambaye mikono yake imeumizwa hakumfanyi aweze kushona. Tena madini joto yakizidi, tezi inayoshambuliwa na kinga huweza kulegea zaidi, na unga wa mwani haupimwi, kwa hiyo huwezi kujua kijiko kimoja kina kiasi gani. Chumvi ya kawaida yenye madini joto, inayotumika nyumbani kwa kiasi, inakutosha. Mshukuru wifi, usiutumie.

Kwa mama mkwe jibu ni jepesi zaidi. Anachokisema kina asili ya kweli, kwani kabichi mbichi nyingi na muhogo usioandaliwa vizuri vina vitu vinavyoizuia tezi kutumia madini joto, na katika maeneo yenye upungufu wa madini hayo vimechangia uvimbe wa shingo. Kwako wewe, kabichi iliyopikwa na muhogo uliomenywa, ukalowekwa au kuchemshwa vizuri havina neno. Kula pamoja nao kwa amani.

Ramadhani isikukoseshe usingizi, kwa sababu dawa hii humezwa mara moja tu kwa siku. Una njia mbili. Ya kwanza ni kumeza kabla ya kulala, ikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu ulipokula mara ya mwisho, jambo linalotaka usile kidogokidogo hadi usiku wa manane. Ya pili ni kuamka nusu saa hadi saa moja kabla ya daku, ukameza kwa maji, ukasubiri, ndipo ukala. Wengi huona ya pili inawatoa usingizini mno, lakini wewe ndiwe unayeijua nyumba yako. Chagua moja ushikamane nayo mwezi mzima, na kidonge cha kuongeza damu ukimeze wakati wa futari. Usiiache dawa kwa siku zote thelathini. Kufunga kwenyewe hakukatazwi na ugonjwa huu ukiwa umetibiwa. Hata hivyo, kama Ramadhani itaingia nawe bado una kizunguzungu na damu iko chini, zungumza na daktari wako kwanza, na ruhusa ya mgonjwa ipo.

Nimekiacha mwisho kile unachokitamani kuliko vyote, mwalimu, kwa sababu nataka ukisome kwa utulivu. Msikate tamaa. Tezi ikiwa imelegea bila tiba, mimba hushika kwa shida na hatari ya kuharibika huongezeka. Ikitibiwa ipasavyo, wanawake hubeba mimba na kujifungua salama. Subirini kwanza. Tumieni njia ya uzazi wa mpango hadi TSH ishuke, na mwambie daktari wazi kwamba mnatafuta mtoto, kwa kuwa katika hali hiyo tunapenda TSH iwe chini ya 2.5 kabla ya mimba kutungwa. Mkubaliane naye mapema utafanya nini siku utakapochelewa kuona siku zako, maana mahitaji ya dawa huongezeka tangu wiki za mwanzo, mara nyingi kwa robo au zaidi, na kliniki ya wajawazito isingojewe hadi mwezi wa nne. Wiki 12 za kwanza, ubongo wa mtoto unapoanza kujengwa, yeye hutegemea homoni ya mama yake. Madaktari wengi humwelekeza mama aongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba inapothibitika, kisha humpima TSH karibu kila wiki nne hadi nusu ya ujauzito. Kliniki watakupa vidonge vya FEFO; ndani yake mna madini ya chuma, kwa hiyo kanuni ya saa nne inabaki palepale. Ukijifungua, dozi hurudishwa ilivyokuwa, na kunyonyesha ruhusa.

SWALI

Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Makete kwa niaba ya mama yangu mwenye umri wa miaka 71. Zamani alifanyiwa upasuaji wa goita. Mwaka huu amekuwa mzito wa kusema, anasahau, miguu inavimba, na moyo wake una matatizo anayotibiwa. Hospitali wamegundua tezi haifanyi kazi wakampa mikrogramu 25 tu, wakati mdogo wangu wa kike anameza 100. Tunaona kama wamembania. Je, tumwongezee vya mdogo wangu apone haraka?

Mtoto wa Makete

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Tafadhali msimwongezee hata kimoja. Moyo uliokaa muda mrefu katika mwendo wa polepole, tena wenye maradhi yake, ukiamshwa kwa ghafla unaweza kupata maumivu makali, mdundo ukavurugika, au ukashindwa kabisa. Kwa mzee wa namna hiyo tunaanza na mikrogramu 12.5 au 25, tunasubiri wiki sita hivi, tunapima, tunapanda hatua moja. Waliompa 25 hawakumbania, walimlinda. Kila anapopandishwa dozi, mwangalieni kifua, pumzi na mapigo ya moyo, na akilalamika, arudishwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Vilevile, mkimkuta amelala mno haamshiki vizuri, mwili umepoa na anapumua kwa taabu, hiyo ni dharura, hasa katika baridi ya huko kwenu na hasa akiwa na homa ya mapafu au ameacha dawa.

Nyanda za juu za kusini zina historia ndefu ya uvimbe huu wa shingo, ambao wazee huuita rovu, kwa kuwa ardhi ya milimani huwa na madini joto kidogo. Katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaja chumvi iliyotiwa madini hayo, ambayo nawasihi mwendelee kuinunua na kuifunika, kwani madini joto hupotea chumvi ikiachwa wazi kwenye unyevu. Chumvi hiyo inawakinga ninyi na wajukuu. Kwa mama, tezi iliyokatwa haitaota tena, naye atahitaji kidonge hata kama hana ugonjwa wa kinga kama ule wa mwalimu wa Tanga.

Kusahau kwake na uzito wa kusema vinaweza kupungua sana dozi itakapofika mahali pake, lakini hesabuni miezi. Mmoja wenu ashike jukumu la kumpa kidonge alfajiri kabla ya chai, kwa kuwa yeye mwenyewe kwa sasa anaweza kusahau au kurudia, na alama iwekwe kwenye kalenda ya ukutani kila siku anapokimeza. Mkienda hospitali yoyote kwa jambo lolote, mwonyesheni mganga kovu la shingoni na pakiti ya dawa, hata asipouliza.